Sura ya Nne: Nyumba ya Julai, Nyumba ya Desemba

Ikifika Juni, biashara ya nyumba na mashamba hupoa Roret. Barabara za udongo mwekundu huteleza, ukungu hukawia juu ya michai asubuhi, na mawingu ya alasiri hayamruhusu mtu kwenda mbali bila mwavuli. Mnunuzi aliyeko Nairobi au Nakuru hupiga simu kuomba subira. "Mzee, acha mvua ipungue. Desemba nitakuja na mama watoto tuangalie kwa utulivu." Mwenye boma hujibu kwamba hakuna shida. Hata yeye asingependa wageni wafike wakati matope yamejaa hadi mlangoni.

Mapatano hayo yanaonekana kuwa ya haki kwa wote wawili, lakini anayefaidika ni muuzaji. Desemba atakuwa na wanunuzi wengi zaidi, barabara kavu, ukuta uliopakwa rangi upya, na huenda bado ana pesa za bonasi ya chai zinazompa nguvu ya kukataa bei ndogo. Mnunuzi atakuwa amepitwa na miezi mitatu ambayo nyumba ya nchi hii ya milima haiwezi kuficha kasoro zake.

Sura hii inamtetea mnunuzi wa Julai. Inamtetea pia muuzaji ambaye dharura imemsukuma kuuza katika miezi hiyo, kwa sababu huyo ndiye anayepunjwa kuliko wote.

Mvua isiyopumzika

Roret ni kituo cha biashara katika eneo la Bureti, Kaunti ya Kericho, ndani ya nchi ya Wakipsigis ambako chai imetanda kutoka Kericho hadi Bomet. Mji mkubwa wa Bureti ni Litein, kwenye barabara kuu inayotoka Kericho kupitia Kapkatet na Sotik kwenda Kisii.

Mkenya akisikia msimu wa baridi, mara nyingi hufikiria Nairobi ya Julai: mawingu mazito, koti asubuhi, na mvua kidogo sana. Magharibi mwa Bonde la Ufa mambo ni mengine. Katika utabiri wa Juni hadi Agosti, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huzitaja nyanda hizi za juu, pamoja na bonde la Ziwa Victoria, miongoni mwa sehemu zinazoendelea kunyeshewa wakati sehemu kubwa ya nchi imekauka. Upepo wenye unyevu kutoka ziwani hupanda milima mchana, hupoa, na kufikia alasiri ngurumo huanza. Mji wa Kericho, ulioko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata karibu mara mbili ya mvua ya Nairobi kwa mwaka. Nafuu huja kuanzia Desemba hadi Februari, nayo si ukame kamili.

Hali hiyo ya hewa ndiyo iliyoyavuta makampuni ya Brooke Bond na James Finlay kufungua mashamba makubwa ya chai Kericho katika miaka ya 1920. Ndiyo pia iliyoipa Kericho sifa nyingine: mvua ya mawe. Takwimu inayonukuliwa sana duniani ni ya wastani wa siku 132 kwa mwaka zenye mvua ya mawe katika mashamba ya chai ya eneo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilitumwa kunyunyiza kemikali mawinguni ili kupunguza mawe hayo kabla hayajaangukia michai. Mwenye nyumba ya mabati hana ndege. Ana paa, mifereji yake na tangi, na vyote vitatu hujibu maswali ya mnunuzi vizuri zaidi mvua ikiwa inanyesha.

Kalenda ya pesa

Bei ya nyumba Roret hufuata kalenda mbili, ya mvua na ya chai. Mkulima mdogo huchuma majani mabichi, huyapeleka kituoni, karani huyapima, na lori huyapeleka kiwandani. Viwanda vya wakulima wadogo, kama kile cha Litein na cha Kapkatet, husimamiwa na KTDA, shirika lililoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuzwa kampuni mwaka 2000. Mkulima hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwisho wa mwezi. Mwaka wa fedha wa kiwanda hufungwa Juni 30, hesabu hupigwa, na mnamo Oktoba huja malipo ya pili, yale yanayoitwa bonasi.

Bonasi ndiyo pesa ya mipango mikubwa. Kwa bonasi watu huezeka nyumba, hununua ng'ombe wa maziwa, hulipa deni la sacco, na hununua ploti. Kiasi chake hakitabiriki. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa kwa miaka mingi wamepata kidogo kuliko wenzao wa mashariki, na Oktoba 2025 wengi wao, wakiwemo wa Kericho na Bomet, walilalamika hadharani bonasi iliposhuka.

Katikati ya mwaka mambo hukaza. Baridi hupunguza kasi ya mchai kuchipua, kilo hupungua, na malipo ya mwezi hupungua nayo. Bonasi bado iko mbali. Muhula wa tatu wa shule hufunguliwa mwishoni mwa Agosti na karo lazima ipatikane. Kwa hiyo anayeuza kipande cha shamba au nyumba Julai mara nyingi hana muda wa kungoja: mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, bili ya hospitali haijalipwa, au mkopo umeiva. Upande wa pili, wanunuzi ni wachache, kwa kuwa jirani ambaye angenunua anasubiri bonasi ileile.

Roret haiko peke yake katika hili. Mwaka 2014 wanauchumi Rachel Ngai na Silvana Tenreyro walichapisha katika jarida la American Economic Review utafiti kuhusu soko la nyumba la Uingereza na la Marekani. Walionyesha kwamba kila mwaka mauzo na bei hupanda katika miezi ya joto na kushuka katika miezi ya baridi. Maelezo yao hayategemei theluji peke yake. Wanunuzi na wauzaji wanapokutana wengi kwa wakati mmoja, kila mnunuzi ana nyumba nyingi za kuchagua, hupata inayomfaa kwelikweli, na huwa tayari kuilipia zaidi. Jambo hilo huwavutia wengine waje msimu huohuo. Soko likiwa na watu wachache, anayebaki sokoni huchukua kilichopo, kwa bei ya chini.

Msimu wa Roret wenye watu wengi ni Oktoba hadi Januari. Bonasi imelipwa, shule zimefungwa, wafanyakazi wa mijini wamekuja likizo, na walioko ng'ambo wametua kwa wiki mbili au tatu wakiwa na hamu ya kununua kabla ya kurudi. Ardhi yenyewe haiongezeki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet. Sehemu kubwa ya ardhi bora iko mikononi mwa makampuni ya chai, na mashamba ya familia yanazidi kugawanywa kwa watoto na wajukuu. Mtu wa likizo akishindana na mtu wa bonasi juu ya ploti moja yenye nyumba, bei hupanda hata kama paa linavuja. Na Desemba hakuna atakayejua kwamba linavuja.

Kutazama nyumba mvua ikinyesha

Mnunuzi anayejua anachofanya hufika Roret siku ya Julai kabla ya saa sita mchana, akakaa hadi saa kumi na moja. Lengo ni kuliona boma kabla ya mvua, wakati wa mvua na baada ya mvua.

Ukaguzi huanza kabla ya geti. Gari hubaki kwenye lami na safari iliyobaki hufanywa kwa bodaboda, kwa kuwa mwendeshaji ndiye anayejua ni kilima gani hushindwa na magari na ni daraja gani hufurikwa. Jambo la kuuliza ni moja: lori la majani chai hupita njia hii? Barabara ambayo lori hupita ni barabara yenye watu wengi wa kuipigania iwekwe murramu. Boma lililo nusu kilomita nje ya njia hiyo linaweza kuwa zuri kabisa Januari, na Julai mgonjwa akalazimika kubebwa hadi barabarani.

Ndani ya nyumba, kazi ya kwanza ni paa. Kabla ya mvua, milango na madirisha hufungwa na taa huzimwa. Nuru inayopenya kwenye matundu ya misumari huonekana kama vitone vyeupe. Mvua ikianza, mkaguzi hunyamaza na kusikiliza, kisha hutazama dari. Doa la kahawia lenye ukingo mkavu ni la mvua iliyopita. Doa linalong'aa ni la leo. Nje hutazama mikunjo na vibonyeo vilivyoachwa na mvua ya mawe, na mifereji ya plastiki iliyopasuka kwenye viungo. Anauliza pia geji ya mabati. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na katika nchi ya mvua ya mawe tofauti hiyo ina maana.

Paa lilelile ni chanzo cha maji, na hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100 hukusanya lita 5,000 mvua ikifika milimita 50, yaani tangi la kawaida hujaa katika siku chache za Julai. Muuzaji akisema tangi lake hujaa, na mvua imenyesha wiki nzima, mfuniko ufunguliwe. Tangi likiwa nusu tupu, mfereji umeziba, umepinda au haujafungwa mahali pake.

Kisha ukuta. Nyumba nyingi za zamani zina kuta za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, na plasta hiyo huficha mengi hadi unyevu upande kutoka chini. Mkono ukipitishwa ukutani, sentimita 30 juu ya sakafu, husema zaidi ya rangi. Chumba cha kulala hukaguliwa kwa pua: harufu ya ukungu nyuma ya kabati haifichiki Julai. Rangi mpya ya ukuta mmoja tu, wakati kuta nyingine ni za zamani, ni sababu ya kuuliza.

Nje, maji yanayotiririka huchora ramani ya shamba. Mteremko juu ya nyumba unapaswa kuwa na mtaro unaoyapeleka maji pembeni. Pasipo mtaro, maji huja moja kwa moja kwenye msingi na kuula udongo chini ya kona. Choo cha shimo humulikwa kwa tochi, kwa kuwa shimo ambalo maji yake hupanda wakati wa mvua litahitaji kuchimbwa upya mahali pengine. Mkaguzi hutazama pia umbali kati ya choo hicho na kisima au chemchemi, na kipi kati ya hivyo kiko juu ya mteremko.

Mabonde ya huku huvutia sana Januari. Huonekana tambarare, ya kijani, yanayofaa kujengwa. Julai matete na maji yaliyosimama huonyesha kwamba ni kinamasi. Pembezoni mwa mto kuna sheria pia: kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka mahali pa juu zaidi palipowahi kufikiwa na mafuriko uachwe bila kulimwa wala kujengwa. Aliyekuja wakati wa kiangazi hupima kutoka ukingo wa kijito chembamba, na anaweza kununua robo ekari ambayo hawezi kuitumia.

Hubaki miti na majirani. Mikaratusi mirefu iliyoinama upande wa nyumba ni gharama ya kuikata au hatari ya kuingojea. Kuhusu majirani, siku ya mvua huwakuta watu nyumbani, karibu na moto, na wana muda wa kuzungumza. Mgeni akianza kwa salamu ya "Chamgei" na kumkaribia mzee wa jirani kwa heshima, akiuliza mpaka unapita wapi na ni nani aliyewahi kulima pale, atapata historia ambayo dalali hataisema. Katika nchi ya Wakipsigis wazee wa kokwet, yaani wa mtaa, husuluhisha migogoro ya mipaka, na jina la boma lenye mgogoro hufahamika mtaa mzima.

Karatasi zisizojua msimu

Nyumba ikipita mtihani wa mvua, hati nayo ina mtihani wake. Hatua ya kwanza ni kufanya sachi kwenye masjala ya ardhi ili kujua jina la mwenye shamba, ukubwa wake, na kama kuna rehani au zuio la mtu mwingine. Hati za huku huanza kwa neno Kericho, likifuatwa na jina la eneo la usajili na namba ya shamba. Hata upande wa Bomet, wilaya iliyomegwa kutoka Kericho mwaka 1992, mashamba mengi bado yanaitwa Kericho kwenye hati, mfano yale ya Chemagel karibu na Sotik. Mnunuzi mgeni asishtuke, ila ahakikishe anajua shamba liko kaunti gani na faili lake liko ofisi ipi.

Hati safi haitoshi peke yake. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya kiwanja cha Mombasa, iliamua kwamba kuonyesha hati miliki hakumalizi mjadala ikiwa njia iliyotumika kuipata ilikuwa na kasoro. Chanzo chake lazima kichunguzwe. Kesi hiyo ilihusu ardhi ya umma ya pwani, lakini mnunuzi wa Roret anaweza kuitumia kuuliza swali la maana: shamba hili lilitoka kwa nani, na lilimfikia muuzaji kwa njia gani?

Mara nyingi jibu ni kwamba lilitoka kwa babu, na jina la babu bado liko kwenye hati ingawa alifariki miaka mingi iliyopita. Hapo mauzo husimama. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi, na kwa kawaida uthibitisho hauji kabla ya miezi sita tangu usimamizi utolewe. Mwana anayeuza "sehemu yangu" Julai ili alipe karo Agosti, bila mirathi kufunguliwa, anauza kitu ambacho bado si chake kisheria. Anayempa pesa anaingia katika ugomvi wa ndugu ambao hajawahi kukaa nao meza moja.

Familia iliyo hai nayo ina sauti. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mwenzi mmoja hawezi kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Kwa hiyo mama wa boma lazima aulizwe, tena asikike kwa kinywa chake. Kikao cha kwanza ambacho baba pekee anaongea na mama amebaki jikoni hakijakamilika, hata kama mkono umepeanwa.

Halafu kuna bodi. Kwa kuwa karibu ardhi yote ya Roret ni ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inataka kibali cha bodi ya ardhi ya eneo hilo. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano yafanywe. Bila kibali, mauzo ni batili, na mnunuzi hubaki na haki ya kudai pesa zake kama deni. Bodi huwataka muuzaji na mnunuzi wafike wenyewe, na wajumbe kwa kawaida humuuliza mke na watoto wakubwa kama wanajua na wamekubali. Ni pale ambapo wengi huambiwa warudi nyumbani wakazungumze upya.

Mahakama zimeyumba juu ya jambo hili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyosikizwa Nyeri, iliwalinda wanunuzi waliolipa na kuhamia ingawa kibali hakikupatikana, ikisema muuzaji alikuwa amewashikia ardhi kwa amana. Mwaka huohuo jopo jingine likashikilia kwamba bila kibali hakuna mauzo. Mwaka 2018, katika rufaa ya Eldoret, majaji wakarudi upande wa haki na kumlinda aliyenunua. Kesi za namna hiyo huchukua miaka na hula pesa nyingi kuliko ada yoyote ya bodi.

Anayenunua akiwa ng'ambo ana jambo moja zaidi. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, lakini aliyepoteza uraia wa Kenya na hajaurejesha anahesabiwa kuwa mgeni, na mgeni hawezi kumiliki ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Uraia urejeshwe kwanza, nyumba ifuate.

Kwa anayelazimika kuuza

Muuzaji wa Julai yuko katika nafasi ngumu, na madalali wanalijua hilo. Kabla ya kukubali bei ya kwanza, ajiulize kama anahitaji kuuza ardhi au anahitaji pesa tu. Wapo wanaokodisha michai yao kwa muda maalumu badala ya kuuza shamba: aliyekodi huchuma na kuuza majani, na mwenye shamba hubaki na hati yake. Kuna mikopo ya sacco zinazofanya kazi eneo hili, kama Imarisha, iliyoanzishwa na walimu wa Kipsigis, na Ndege Chai, iliyotokana na wafanyakazi wa mashamba ya chai. Mkopo una riba na una hatari yake, lakini riba ya miezi mitatu hadi bonasi inaweza kuwa ndogo kuliko tofauti kati ya bei ya Julai na ya Desemba. Hesabu hiyo ipigwe kwa kalamu, mbele ya mke na watoto wakubwa, kabla dalali hajarudi.

Kama kuuza hakuepukiki, mvua ileile inayofichua kasoro inaweza kufichua uzuri. Mfereji uliorekebishwa, mtaro uliochimbwa upya juu ya nyumba na mikokoteni michache ya murramu kwenye njia ya geti ni gharama ndogo. Mnunuzi akikuta tangi limejaa, dari kavu na sakafu isiyotoa jasho katikati ya Julai, ameona ushahidi ambao hauwezi kuonekana Desemba. Muuzaji ana haki ya kuulipisha ushahidi huo. Aonyeshe nyumba siku ya mvua bila woga, na aseme wazi palipo na kasoro. Kasoro iliyotajwa mapema hupunguza bei kidogo, iliyogunduliwa baadaye huvunja mapatano.

Pesa za awali zisipokelewe kwa maneno. Sheria ya Mikataba inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na yashuhudiwe. Mkataba utaje bei yote, tarehe za malipo, kinachotokea bodi ikikataa, na siku ambayo mnunuzi ataingia. Muuzaji aliyepokea theluthi moja na kumwacha mnunuzi ahamie amejifunga mikono: bei ya shamba itakuwa imepanda kabla hajalipwa iliyobaki.

Kuhusu ushuru, hofu ya wauzaji wengi vijijini ni kubwa kuliko hali yenyewe. Kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023, nayo ni mzigo wa muuzaji. Hata hivyo sheria inasamehe shamba la kilimo la chini ya ekari 50 lililo nje ya mji, na pia nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo miaka mitatu kabla ya kuiuza. Wauzaji wengi wa Roret wanaingia humo. Ada ya stempu hulipwa na mnunuzi: asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya vijijini, asilimia 4 kwa ya mjini. Ploti iliyo ndani ya mpaka wa mji inaweza kuhesabiwa tofauti na shamba lililo jirani, kwa hiyo swali hilo huulizwa kabla ya kukubaliana bei.

Kuanzia Julai hadi Oktoba

Mnunuzi aliyetazama nyumba katikati ya Julai ana muda mzuri mbele yake. Sachi na mazungumzo na familia humaliza mwezi huo. Mkataba hutiwa sahihi Agosti, na malipo ya kwanza humfikia muuzaji kabla shule hazijafunguliwa. Mpima ardhi huja kuonyesha mawe ya mipaka, na kama ni kipande kinachomegwa, huandaa ramani ya mgawanyo ambayo nayo huhitaji kibali. Maombi hupelekwa bodini Septemba, bado ndani ya miezi sita. Mambo yakienda sawa, uhamisho husajiliwa kabla umati wa Desemba haujafika.

Katikati ya safari hiyo huangukia bonasi, na hapo ndipo mikataba mingi ya mashamba ya chai huacha pengo. Pesa zinazolipwa Oktoba ni za majani yaliyopelekwa kiwandani hadi Juni 30, yaani kazi ya muuzaji, hata kama wakati wa kulipwa michai iko mikononi mwa mtu mwingine. Majani ya Julai na Agosti yataingia katika bonasi ya mwaka unaofuata, na pengine yalichumwa na wote wawili kwa zamu. Kila mkulima ana namba yake kiwandani, na hisa zake katika kampuni ya kiwanda zenyewe hazifuati ardhi. Mkataba wa Agosti basi uwe na kifungu kinachotaja tarehe ya kukabidhiana michai, namba itakayotumika kupimia majani kuanzia siku hiyo, nani atapokea bonasi ya Oktoba, jinsi ile ya mwaka unaofuata itakavyogawanywa, na hatima ya hisa. Ni mistari mitano au sita tu. Wakili asiyetoka nchi ya chai anaweza kuisahau, kwa hiyo mnunuzi na muuzaji waende kwake wakiwa wameshaiandika.